Mtoto Analia, Usitumie

Vijana wa stoo ya kanda za sauti, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie vile kazi ilikuwa. Nilisema nitaandika, mkapiga makofi, halafu nikasikia mmoja wenu akisema kando, "Kogo akifika nyumbani atasahau." Mimi Kogo, nyanya yenu, sijasahau. Ng'ombe ameshakamuliwa, chai iko hapa kwa meza, naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya msicheke. Na mkicheka, mjue kwamba ile mashine mnayotumia kutafuta kanda imejengwa juu ya herufi zilizokaa vibaya. Mambo ya mshahara na nani alipandishwa cheo mkaulize ofisi.

Niliingia pale kufagia. Wakati huo hatukuwa na redio yetu. Kilikuwa chumba cha kurekodi cha kanisa, nyumba ya mawe juu ya mteremko, mbele barabara ya Kericho na nyuma majani chai mpaka macho yachoke. Vipindi vilirekodiwa pale, vikapelekwa Nairobi, vikatangazwa huko. Asubuhi ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo, na funguo za milango yote isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa wa Mzee Chumo, mtunza kanda.

Aliniangalia nikifagia korido, akatoka akasimama mlangoni.

"Wewe mama, unafagia ama unafukuza kuku?"

"Nafagia, Mzee."

"Vumbi lote linakuja kwangu. Weka ufagio. Chukua kitambaa, kiloweshe, kikamue, pangusa kama unapangusa uso wa mtoto."

Hivyo ndivyo nilianza kusoma kazi. Baada ya kitambaa alinionyesha kushika kaseti kwa pembe bila kugusa utepe. Alinionyesha kurudisha utepe uliotoka kwa kuzungusha penseli, pole pole, maana ukivuta umekata wimbo wa mtu. Alinionyesha kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Kula ndani ya stoo ilikuwa marufuku. Nawaambia tena nyinyi wa chapati: ilikuwa marufuku na bado ni marufuku.

Lakini kitu kikubwa nilichopata kwa yule mzee ni swali. Mtangazaji akija kutafuta kanda, Mzee Chumo hakumwuliza kipindi kinaitwaje wala kilirekodiwa mwaka gani. Alimwuliza, "Unakumbuka nini?"

"Kulikuwa na mvua, Mzee. Mama mmoja anaongea na mvua inanyesha."

"Mvua ya mabati ama ya nyasi?"

"Ya mabati."

Basi anainuka, anaenda kwa rafu, anarudi na kanda. Alikuwa amesikiliza kila kitu ndani ya ile stoo na alikuwa anakumbuka kwa masikio. Nilijua ni mtu wa ajabu. Sikujua kwamba hapo ndipo hatari yetu ilipokuwa, kwa sababu kichwa cha mtu hakiachwi ofisini akistaafu.

Alianza kusahau kabla hajaondoka. Mara anachukua kanda ya kwaya mahali pa kanda ya mifugo. Mara ananiita jina la dada yake. Watoto wake wakaja wakampeleka nyumbani Merigi, nami nikapewa funguo ya ule mlango. Nikabaki na rafu zimejaa mpaka dari na sijui robo yake.

Mtasema, si kulikuwa na vibandiko? Vilikuwepo. Kila aliyerekodi aliandika kama alivyosikia, na nyinyi mnajua sisi Wakipsigis tunavyosikia. B na P kwetu ni ndugu. K na G wanalala kitanda kimoja. T na D vilevile. Chepkemoi mmoja nilimpata kwa vibandiko vitatu, kila mahali na herufi zake, na ni mama mmoja yule yule aliyekuwa akifundisha habari za kupogoa chai. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikia ofisi barua kwamba stoo inahitaji punda ya karatasi. Nilitaka bunda. Meneja aliibandika barua ile ukutani, ikakaa pale mpaka ikawa ya manjano.

Ndipo redio ikaja, na baada ya miaka kompyuta, na ofisi ikamleta Moraa.

Moraa ni msichana wa hapa hapa. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai, akazaliwa kambini, akasoma mpaka akajua kutengeneza programu za kompyuta. Nilimwona mdogo, kiatu cha raba, begi mgongoni. Nikampa kitambaa chenye maji. Hakuuliza ni cha nini, akapangusa meza yake. Nikasema moyoni, huyu tutaelewana.

Mpango ulikuwa hivi: kanda zote ziingizwe kwenye kompyuta, kisha Moraa aunde mahali pa kutafutia, mtu aandike neno na kanda ije. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kujaza. Alinitengenezea visanduku kwenye kioo: jina la kipindi, jina la msemaji, mahali, mwaka.

"Hapa Kogo unaandika jina la msemaji tu," alisema.

"Jina gani? La kanisani, la nyumbani, ama lile majirani wanamwita kwa mtoto wake wa kwanza?"

"Lile la kweli."

"Yote ni ya kweli."

Akachukua kalamu akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye kisanduku cha jina kikawa na nafasi ya majina mengi kama mtu alivyo nayo.

Wakati tuko hapo katikati ndipo Wilson alikuja. Alikuwa fundi wa kiwanda cha majani chai, miaka yote kwenye chumba cha mashine za kusaga majani, pale ambapo mtu akikuita lazima akuguse bega. Nilimkaribisha, nikamwuliza ametoka wapi.

"Chai nimekunywa, asante," akajibu.

Nikaelewa. Nikasogea karibu na sikio lake la kushoto, nikapaza sauti, na tangu hapo mazungumzo yetu yakawa ya kiwanja kizima. Hata askari wa geti alijua shida yake.

Shida ilikuwa hii. Sikio la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto daktari alimwambia linaenda, na hakuna dawa ya kulizuia. Alipokuwa mtoto mdogo, watu wa chumba chetu cha kurekodi walifika kwao Merigi wakamrekodi mama yake akieleza jinsi ya kusafisha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Mama alikufa Wilson akiwa bado shule. Hakuna mahali pengine sauti yake iliwekwa.

"Nataka nimsikie kabla halijafunga," alisema, akigusa sikio.

"Mlimsikia kwa redio wakati ule?"

"Haikutoka. Kila jioni tulienda kwa jirani mwenye redio, mama akiwa amevaa kitambaa cha Jumapili. Tukangoja. Wamama wengine walitoka, yeye hakutoka. Mwisho akasema labda ameonekana ana sauti mbaya. Tangu hapo hata kanisani alisimama nyuma akiimba ndani ya mdomo."

Moraa alikuwa kwa meza yake, ameacha kuandika. Akasema, "Tunamtafuta sasa hivi." Jina la mama lilikuwa Taprandich. Akaliandika.

Kompyuta ikasema hakuna.

Wilson hakusikia, lakini aliona nyuso zetu. Akavaa kofia. "Nitarudi," akasema.

Baada ya yeye kuondoka nikakaa mimi mwenyewe kwenye mashine. Sikuwa na haraka, kidole kimoja. Nikajaribu jina jepesi nione kama inafanya kazi hata kidogo. Nikaandika Chepkemoi kama ninavyoiandika siku zote, Chebgemoi. Ikaniambia hakuna. Nikaandika Kibet nikikosea herufi ya kwanza, na ile programu ya kusahihisha ikaniuliza kama nilitaka Tibet.

"Moraa, Tibet ni ya nani?"

Alipoona kioo alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia, cheka, lakini huyu mama wa Wilson yuko ndani ya hizi kanda na sisi ndio tumemfungia nje. Labda aliandikwa na B. Labda aliandikwa na D. Mashine inataka herufi, na sisi huku tuna sauti.

Akafuta machozi. Akasema, "Kwetu ni L na R. Nyanya yangu akisema twende kura, nikiwa mdogo nilibeba sahani. Kumbe anaenda kupiga kura."

Hapo tulicheka wote wawili, na kazi ya kweli ikaanza. Kwa siku nyingi mimi nilikuwa nasema majina kwa sauti na yeye anaandika sheria. P na B ziwe kitu kimoja. K na G kitu kimoja. T na D. Ch na J, maana kuna Chelagat na Jelagat. L na R kwa ajili ya nyanya yake, kwa sababu kanda za wafanyakazi wa kambini zilikuwa nyingi pia. Mashine isisahihishe mtu. Iyasikie majina kama sisi tunavyoyasikia.

Tukarudia Taprandich. Sasa wakaja: muuguzi wa Mulot, mwalimu wa kwaya, nyanya mmoja akisimulia habari za nzige. Wilson alipokuja tena tulimwekea mmoja mmoja. Alikaa na hedifoni, amefumba macho, na kila mara alitikisa kichwa. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima tu.

"Wote ni wamama wazuri," alisema. "Si wangu."

Tulijaribu mursik. Zikaja kanda kama siafu. Moraa akanieleza jambo ambalo naona nyinyi hamlielewi mpaka leo. Ukitafuta neno chai katika stoo ya Kericho, umetafuta nyasi malishoni. Liko kila mahali, halisaidii. Lakini ukitafuta bata, ambaye yuko kwenye kanda moja tu, umefika. Kwa hivyo akaipa mashine akili ya kupima: neno la kila mahali liwe na uzito mdogo, neno adimu liwe na uzito mkubwa, na kanda yenye maneno adimu mengi ndiyo itangulie. Nilimwuliza kama amelitoa kwetu sokoni, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyomtafuta mtu Merigi. Huulizi mwanamume mwenye ng'ombe. Unauliza yule mwenye ng'ombe wa pembe moja. Akasema vitabu vyao vinasema hivyo hivyo ila kwa hesabu.

Kulikuwa na jambo moja bado. Chini ya rafu ya mwisho zilikaa katoni zilizoandikwa zimeharibika. Za kabla yangu. Meneja alitaka zitupwe tupate nafasi ya mashine mpya. Moraa naye aliona hivyo. Kazi ilikuwa nyingi na muda umeisha. Nikasema hapana, sijazisikiliza. Mzee Chumo hakutupa kitu ambacho hajasikiliza.

"Kogo, zimeandikwa zimeharibika," meneja akasema.

"Na mimi nimeandikwa mfagizi."

Aliondoka. Moraa alinitafutia kaseti pleya ya zamani, akaiunganisha, akaniachia. Kila alasiri nilisikiliza. Kweli nyingine zilikuwa kelele tupu. Lakini nyingine hazikuwa na ubaya wowote ila jogoo aliwika, ama trekta lilipita, ama mtu alikohoa. Niliandika nilichosikia, kwa herufi zangu. Hakukuwa na kisanduku cha jogoo, kwa hivyo nilijaza mahali pa mwaka. Moraa alipoona mwaka umeandikwa jogoo, hakukasirika. Akanitengenezea kisanduku kikubwa chini, akakiita kinachosikika.

Wilson akaendelea kuja, na kila akija nilipaza sauti zaidi. Siku moja nilimwita jina nikiwa karibu naye kabisa, hakugeuka. Jumamosi iliyofuata nilienda Merigi kwa Mzee Chumo. Nilifikiri labda kule ndani kumebaki kipande kimoja cha Taprandich.

Nilimkuta ameketi kwa jua, blanketi magotini, binti yake akipepeta mahindi. Hakunijua. Binti akamwambia, "Baba, huyu ni yule wa stoo." Akanipa mkono kwa adabu kama mgeni. Nikamweleza habari za mama mwenye kibuyu, na mtoto wake ambaye masikio yanakufa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza, kama nimesimama mlangoni mwa stoo yake:

"Unakumbuka nini?"

Mimi sikuwa na la kukumbuka. Mwenye kukumbuka alikuwa Wilson. Na kwa miezi yote tulikuwa tumemwuliza Wilson jina, kipindi, mahali, mwaka. Hilo swali hatukumwuliza hata mara moja. Nilimfunika mzee blanketi vizuri, nikaaga.

Wilson alipokuja nilimwandikia kwa karatasi, herufi kubwa, ili tusipigane na sikio. Unakumbuka nini?

Aliisoma. Alicheka kidogo, kama mtu ameulizwa jambo la kitoto.

"Taa nyekundu," akasema. "Ile rekoda ilikuwa na taa ndogo nyekundu. Niliitaka. Nikakatazwa, nikalia."

"Ulilia wakati mama anaongea?"

"Sana. Mama alinishika kwa mkono mmoja, na mwingine uko kwa kibuyu."

"Alikuita Wilson?"

"Wilson ni ya shule. Nyumbani nilikuwa Kibet."

Kila boma hapa lina Kibet. Kibuyu kiko kila mahali. Lakini mtoto anayelia, hebu fikirini. Watangazaji wote waliwatoa watoto nje kabla ya kurekodi, na yule aliyeponyoka akalia, kanda yake ilitiwa kwenye katoni ya chini. Katika stoo nzima kilio ndicho kilikuwa bata wetu. Moraa aliandika maneno matatu tu: mursik, Kibet, analia.

Ya kwanza kabisa kutokea ilikuwa na maneno yangu mwenyewe. Mama anaeleza sotet, yaani kibuyu, ya mursik, mtoto analia, mama anasema nyamaza Gipet. Nilikuwa nimeisikiliza ile kanda mwezi mmoja kabla. Jina la msemaji halikuwemo, na mimi nilikuwa namjua kwa jina la Wilson tu, si Kibet. Nilienda kwa katoni nikaitoa. Kwenye kibandiko mtu aliandika zamani, kwa wino wa bluu: Mtoto analia, usitumie.

Nilimpa Wilson aisome kwanza. Alisoma, akaigeuza, akasoma tena. Kisha akavaa hedifoni na kusukuma upande wa kushoto kwa kiganja ili ukae sawasawa. Moraa akafungua sauti mpaka mwisho, hata sisi tulisikia ikivuja. Mama anasema makaa ya mti wa senetwet ndiyo mazuri, unasugua kibuyu ndani mpaka kinukie. Sauti nyembamba, ya chini, haina haraka. Mtoto anaanza kulia. Mama anaendelea. Mtoto anapandisha. Ndipo mama anaacha kibuyu na kusema kwa lugha ya nyumbani, "Sis, Kibet," yaani nyamaza, na anavyosema utadhani anambembeleza, si kumkanya. Mtoto anapumua kwa kwikwi, mama anarudi kwa makaa yake.

Wilson aliomba tena mahali pale. Moraa akarudisha. Akaomba tena. Hatukuhesabu.

Alipovua hedifoni alizishika magotini. "Ilikuwa sauti nzuri," akasema. Aliongea pole pole bila kupaza sauti, tofauti na siku zote, kwa sababu alikuwa ameacha kujipigia kelele.

"Nzuri sana," nikasema. Sijui kama alisikia.

Tuliitangaza Jumapili jioni. Meneja aliuliza kama kilio kitakatwa, akajijibu mwenyewe kwamba hakikatwi, kabla hatujafungua mdomo. Moraa naye wiki ile alibomoa ukurasa wa kutafutia. Visanduku vile vya mwanzo akavisukuma chini. Juu aliacha kimoja, kirefu, na maneno yale ya Mzee Chumo mnayoyaona kila asubuhi mkifungua mashine. Nasikia kuna mmoja wenu anataka kuyabadilisha yawe ya kisasa. Ajue yalitoka wapi kwanza, halafu aje anieleze.

Mzee Chumo alituacha msimu wa mvua uliofuata. Wilson sikio lilifunga kama daktari alivyosema. Mwezi uliopita nilimwona sokoni Merigi, ameketi kwa duka la mbolea na mjukuu begani. Nilimsalimia, hakusikia hata kidogo, akaniona tu na kusimama kwa heshima. Mtoto alishtuka akaanza kulia. Wilson akambadilisha bega, akampiga mgongo pole pole.

"Sis, Kibet," akasema.

Mimi ndiye niliyeiandika ile kanda, naijua. Sauti ilikuwa vile vile, nyembamba, ya chini, haina haraka.